Sabuni Iliyonuka Samaki

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Wifi na wale wawili wasiokubali kulala mchana. Sisi huku tunaendelea vizuri. Mama bado anasimama kutwa nzima mbele ya karai lake la chipsi. Goti la kushoto linamsumbua akiinama tu, na kwa kuwa unamjua si mtu wa kuinama ovyo, halijawa tatizo kubwa. Mimi ni mzima pia, ila nimekonda kidogo, na Mama anasema nikizidi hapo itabidi anitafute kwa tochi.

Barua yako nimeipata. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikamsomea Mama kwa sauti kwa sababu nusu yake ilimhusu. Umeandika kwa hasira, lakini hata ukikasirika huachi kuchekesha. Ulipofika pale kwamba ulioga kwa sabuni niliyokutumia asubuhi ya kikao kikubwa, ukaketi karibu na wageni, na mkurugenzi wenu akauliza kwa upole ni nani aliyekuja na chakula cha mchana mapema, Mama alishika kiuno akacheka mpaka machozi. Ulipoeleza jinsi katibu alivyofungua madirisha yote, na kwamba kufikia mchana ofisi nzima ilikuwa inakuita Bwana Samaki, nilishindwa kuendelea kusoma. Pole sana, Kaka. Nasema pole kwa dhati. Kipande kile hakikutakiwa kufika kwako. Kilikuwa sabuni ya kusugulia sakafu, na jinsi kilivyoingia kwenye kifurushi chako nitakueleza, lakini si sasa. Kwanza nina mengine ya kujibu.

Umeniambia niache upuuzi. Umesema hukulipia masomo yangu ya kemia ili nije kuomba mafuta machafu mlango kwa mlango kama mtu asiye na kwao. Umesema nafasi ya maabara ya kupima maji hapo kwenye kampuni yenu ipo tayari, meza ipo, kiyoyozi kipo, na kwamba wewe umejishusha ukaniombea. Umesema Mama amechoka, chumba cha uani kwako kimepakwa rangi, na mwisho wa mwezi utakuja na gari kutuchukua wote wawili. Hukuuliza. Nimeitafuta alama ya kuuliza katika barua yako yote, na wewe unajua nilivyo mtu wa kuzitafuta, maana ndiwe uliyenibatiza jina la Swali nilipokuwa sijui hata kufunga viatu. Sikuiona hata moja.

Basi na mimi nitajibu bila kuuliza. Siji. Kazi ya maabara nimeshawaandikia wenyewe kuwashukuru na kuikataa, wampe mwingine anayeitaka. Najua hapo umeiweka barua chini na kumwita Wifi aje ausikie ujinga huu. Mwite tu. Halafu uichukue tena usome, maana hujafika hata robo.

Nataka nikusimulie jinsi ilivyoanza, kwa sababu wewe unadhani ilianza na mimi kukosa kazi. Ilianza na mtaro. Unaukumbuka ule mtaro wa nyuma, unaopita chini ya dirisha la jiko na kwenda kuungana na wa fundi cherehani? Uliziba. Maji yalirudi mpaka kizingitini, na mwenye nyumba akaja ameziba pua kwa leso, akatangaza mbele ya wateja kwamba mafuta ya Mama ndiyo yamemuulia bomba lake na kwamba watu wa kukaanga wahame. Fundi bomba akaleta waya wake, akasukuma, akavuta, akatukana kidogo, na mwishowe akatoa donge jeupe lenye rangi ya kijivu pembeni, kubwa kama mkate. Akaliweka juu ya karatasi na kutuuliza kama huwa tunazika mishumaa.

Watu wote walirudi nyuma. Mimi nilisogea mbele. Nilivunja kipande, nikakipeleka bombani nikakisugua. Hakikutoa povu, lakini kiliteleza, Kaka, kiliteleza vidoleni kwa namna niliyoijua. Mafuta ya Mama yalikutana na chokaa ya kuta za mtaro, yakakaa pamoja gizani bila haraka, yakaanza kuwa sabuni. Sabuni mbovu, ya kunuka, isiyofaa kitu, lakini sabuni. Nilikuwa nimekaa nyumbani tangu nihitimu, nikituma maombi ya kazi na kusubiri, na siku ile nilisimama uani nimeshika uchafu mkononi nikajiona nimepitwa na mtaro. Ulikuwa umeanza kazi ambayo mimi, mwenye cheti kilichowekwa kwenye fremu, sikuwa nimefikiria kuianza.

Sitakuchosha na kila hatua, ila nataka ujue kwamba huu si mchezo wa kupikapika. Mafuta yaliyokaangiwa huwa na makombo, chumvi na ladha ya kila kilichopita humo. Nayachuja kwa kitambaa, nayachemsha na maji ya chumvi, nayaacha yatulie, kisha naondoa maji yaliyobeba uchafu chini. Maganda ya viazi ya Mama nayo yana kazi: maji yake yenye wanga nikiyapasha moto pamoja na mafuta, ule wanga unaganda na kubeba weusi wote uliobaki. Maganda ya machungwa nayakausha juu ya bati na kuyatwanga. Machicha ya kahawa nayapata kwa mwenye mgahawa wa kona, nayo ndiyo yanayosugua. Halafu kuna kostiki, ile chumvi kali inayochoma, ambayo lazima uimwage ndani ya maji taratibu, kamwe usimwage maji juu yake. Hiyo siigusi Mama akiwa karibu. Navaa glavu na miwani, nafunga mlango wa uani, na majirani wanasema nikiwa vile nafanana na mtu anayekwenda kuchomelea geti.

Mara ya kwanza mafuta yalijitenga yakaelea juu yakinitazama. Mara ya pili ilishika, lakini ilikuwa kali, ikamchubua fundi cherehani kidole. Alikuja kunionyesha kidole hicho kila asubuhi kwa muda mrefu, hata kilipopona. Alisema anataka nikikumbuke. Mara iliyofuata nilipiga hesabu zangu upya, nikakoroga mpaka bega likafa ganzi, ikawa nzito kama uji wa mgonjwa, nikaimwaga kwenye maboksi ya maziwa yaliyokatwa na kuiacha. Kesho yake Mama aliikata kwa uzi, akanawa, akageuza mikono juu na chini, akasema imemwacha laini kuliko ya dukani. Kisha akaniambia nisianze kutabasamu, kwa sababu kuna vyombo.

Sasa mtaa mzima unatuletea mafuta kwenye makopo. Yanayotoka kwenye karai la Mama na kwa mwoka keki yanakuwa sabuni ya kuogea. Yanayotoka kwa mkaanga samaki wa mwisho wa barabara yana harufu isiyosikia maneno, hata uyafue namna gani, kwa hiyo hayo ni ya sakafu na gereji. Fundi magari wa jirani anaipenda hiyo kuliko zote. Anasema mikono yake imenuka dizeli miaka yote, sasa kunuka samaki kwake ni kupandishwa cheo. Na mtaro, Kaka, haujaziba tena. Fundi bomba akipita hutusalimia kwa uchungu, anasema tumemnyima riziki.

Kuna jambo moja la utaratibu wetu ambalo nataka ulishike vizuri. Sabuni zote hizi, za kuogea na za sakafu, hutoka kwenye maboksi ya namna moja, na kahawa huzifanya zote ziwe na rangi moja ya udongo. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mwanzoni nilitaka kuzitia alama. Mama alikataa. Aliniuliza kama hii ni jela mpaka vitu vipewe namba. Alisema pua yake inatosha. Na ungemjibu nini? Wewe mwenyewe umekulia chini ya pua ile. Mtaa mzima unamwita Mama Pua, na si kwa kumdhihaki. Maziwa yakitiliwa shaka yanaletwa kwake. Nyama, unga, chumba chenye harufu ya waya unaoungua, mtungi wa gesi unaodhaniwa kuvuja, vyote huletwa kwake au yeye huitwa. Unakumbuka alivyojua umevuta sigara kwa kunusa daftari lako? Kwa hiyo kazi ya kupanga sabuni kwenye rafu ilikuwa yake. Ananusa, anaweka. Hakuna aliyehakiki baada yake. Katika nyumba yetu kumhakiki Mama kwa harufu ni kama kulihakiki jua kwa saa ya mkononi.

Sasa nije kwa mwenye nyumba, na hapa, Kaka, itabidi univumilie, kwa sababu nimejaribu kuiandika sehemu hii kwa adabu na imenishinda. Wiki iliyopita alikuja na utepe wa kupimia na kijana mmoja mwuza simu. Wakaingia bila kubisha, mwenye nyumba akaanza kunyoosha utepe kutoka ukutani mpaka kwenye karai, wateja wakiwa wamekaa wanakula. Mama alimtazama kidogo, kisha akamuuliza nani amekufa, maana anaona watu wanapima jeneza. Mwenye nyumba akasema kwa aibu kwamba yeye hana neno na Mama, mtaro ni mzima, kodi haijawahi kuchelewa, ila mwana mkubwa wa Mama amempigia simu kumwambia chumba kitakuwa wazi mwisho wa mwezi. Na kwa kuwa mkataba una jina la mwana huyo, yeye afanye nini.

Hukutuambia, Kaka. Barua yako ilisema utakuja kutuchukua; haikusema kwamba ulikuwa umeshampigia mwenye nyumba.

 Mama aligeuza chipsi zake, akazitoa, akazikung'uta mafuta, akampa mteja aliyekuwa anasubiri. Kisha akachukua kipande cha sabuni pale juu ya kaunta, akampa mwenye nyumba, na kumwambia kwamba kabla ya kupima jiko la mtu, mtu ananawa. Na yule mzee akanawa! Alinawa mpaka viwiko, mwuza simu naye akanawa nyuma yake, na utepe ukabaki umejikunja sakafuni kama kitu kilichosahau kilichokileta. Waliondoka bila kumaliza kupima. Wateja walipiga makofi. Ungekuwepo ungepiga pia, kisha ungekumbuka kwamba ni wewe uliyewatuma.

Najua hukufanya kwa ubaya. Tangu Baba atutoke umebeba mambo ambayo mtu wa umri wako hakupaswa kuyabeba, na kila tulichonacho kina alama ya mkono wako. Ada yangu ulilipa wewe. Karai lile kubwa ulilinunua wewe kwa mshahara wako wa kwanza, na Mama hajawahi kumwachia mtu mwingine alioshe. Sisahau. Lakini kutubeba si kutuhamisha. Ukimpenda mtu ukamwondoa mahali anapoitwa jina lake ukamweka uani kwako, penye rangi mpya na ukimya, utakuwa umempa kitanda na kumnyang'anya kila kitu kingine.

Sasa nafika kwenye kifurushi. Nimezunguka sana kabla ya kufika hapa, na umegundua bila shaka, kwa sababu unanijua.

Kipande kile hakukifunga mtu mwingine. Alikifunga Mama. Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Alisema mwanawe hawezi kuchaguliwa sabuni na mtu mwingine, akaenda kwenye rafu, akachukua kipande, akakileta puani, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu kama mtu anayesikiliza wimbo, kisha akasema hiki ndicho, cha machungwa, kitamfaa. Mimi nikatafuta kamba ya kufungia. Sikunusa. Kwa nini ningenusa?

Barua yako ilipofika, nilikuambia alicheka mpaka machozi. Sikukuambia kilichofuata. Kicheko kilikatika ghafla, kama bomba lililofungwa. Akaniomba nirudie pale ulipotaja samaki. Nikarudia. Akaingia ndani akaanza kuosha masufuria yaliyokuwa safi.

Siku chache baadaye nilikuwa uani nageuza maganda juu ya bati nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Nilikimbia ndani. Mama alikuwa ameligeuzia jiko la pembeni mgongo, anamenya viazi, anaimba kwa sauti ya chini, na nyuma yake, karibu kabisa na kiwiko chake, kitambaa cha kufutia kilikuwa kinafuka moshi. Nilikichukua nikakitumbukiza kwenye ndoo. Alishtuka kwa sauti ya maji, si kwa kitu kingine.

Sikumuuliza. Nilifanya jambo baya zaidi ya kuuliza. Nilikwenda kwenye rafu nikachukua vipande viwili, kimoja cha machungwa na kimoja cha samaki, nikamshikisha na kumwomba aniambie kipi ni kipi. Alinusa cha kwanza. Akanusa cha pili. Kisha akanitazama usoni. Hakuzitazama sabuni, Kaka, alinitazama mimi, akitafuta jibu kwenye uso wangu, na mimi nilikuwa nimeufanya uso wangu kuwa ukuta. Akaviweka vyote viwili mezani, taratibu, akasema nisimpe mtihani, yeye hakusomea.

Mama hanusi. Hasikii harufu yoyote. Imekuwa hivyo tangu ile homa ya majira ya baridi, ile aliyokwambia kwenye simu kwamba ni mafua tu. Homa iliondoka na pua ikaondoka nayo. Alisubiri irudi. Alijifukiza, alitafuna tangawizi, alikwenda kimya kimya kwa daktari, akaambiwa kwa wengine hurudi na kwa wengine hairudi. Akaamua kutomwambia mtu. Nilimuuliza basi muda wote huo maziwa ya watu amekuwa akiyanusaje. Akasema anamtazama aliyeyaleta. Mtu anayeleta maziwa anajua tayari kwamba yameharibika, ameyanusa mwenyewe njia nzima, anachotaka ni mtu mzima wa kumwambia ayamwage. Na sabuni alikuwa akizipanga kwa kukumbuka zimetoka kwenye mafuta ya nani. Nikacheka, Kaka, nilicheka na kulia kwa pamoja, naye akacheka, akasema hajakosea hata mara moja isipokuwa kwako. Sabuni haina uso.

Najua ninachokifanya. Nakukabidhi mkononi fimbo ya kutupigia. Ulikuwa huna sababu ya maana ya kumhamisha, na mimi nimekupa moja: mama mtu mzima, karai la mafuta ya moto, gesi, na pua isiyofanya kazi. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema nilikosea mimi, nikawa mjinga wa hadithi hii, na Bwana Samaki angenisamehe siku moja. Mama mwenyewe mwanzoni alinisihi nisikwambie. Alisema kila mtu humu mtaani anamwita kwa kitu alichokwisha kukipoteza, na akitangaza leo, kesho ataitwa nani? Aliogopa kwamba ukisikia utakuja na gari la wagonjwa.

Ni baada ya mwenye nyumba kuondoka na utepe wake ndipo alipogeuka. Alikaa kwenye kile kigoda chake, akajifuta mikono, akasema mwandikie kaka yako yote. Alisema kama atabaki hapa, abaki hapa akijulikana alivyo, hatabaki kwa kujificha. Akaongeza kwamba niandike vizuri, kwa sababu wewe ni mwepesi wa kulia tangu utotoni na hutaki watu wajue.

Basi sikiliza jinsi tunavyoishi sasa. Mtungi wa gesi tumeutoa nje, na bomba lake nalikagua mimi kwa povu la sabuni yetu wenyewe kila asubuhi. Kitambaa hakikai tena karibu na jiko. Mafuta nayanusa mimi kabla ya kazi, lakini Mama ananiambia kabla sijafungua mdomo, kwa sababu anayasikiliza. Ukitia kiazi kwenye mafuta mazima yanaimba kwa sauti nyembamba. Yaliyochoka yananung'unika na kutoa povu pembeni. Nilidhani ananitania mpaka nilipofumba macho nikasikiliza pamoja naye. Na majirani tumewaambia. Mama aliwaambia mwenyewe, mbele ya kaunta, kwa sauti ya kutangaza bei. Fundi cherehani alilia. Mkaanga samaki alisema yeye amekuwa akiomba miaka yote apate bahati kama hiyo. Asubuhi iliyofuata mwoka keki alileta maziwa yake kama kawaida, akayaweka mbele ya Mama, akasubiri. Mama akamtazama usoni, akamwambia ayamwage. Bado wanamwita Mama Pua. Hakuna aliyefikiria kuacha.

Kwa hiyo sikai hapa kwa kumhurumia, wala usije ukawaambia watu kwamba mdogo wako ameacha kazi nzuri ili amuuguze mama. Haugui. Anafanya kazi, na mimi nafanya kazi, na kazi yangu ni hii. Nilisoma kemia kwa sababu nilitaka kujua kitu kimoja kinawezaje kuwa kingine. Huko maabara ningeandika kila siku kwamba maji ni maji. Hapa nachukua kile ambacho mtaa mzima ulikuwa unakimwaga, na watu wananawa nacho. Usiniambie ni kazi ya mtu asiye na kwao. Sijawahi kuwa na kwetu kuliko sasa, ninapopita na kopo langu na kila mlango unafunguka.

Unachotakiwa kufanya ni kitu kimoja. Mpigie mwenye nyumba umwambie ulikosea, chumba hakitakuwa wazi. Jina kwenye mkataba ni lako, neno ni lako, na sisi hatuna la kumwambia likasikika. Usipompigia, mwisho wa mwezi njoo na gari lako kama ulivyopanga, lakini ujue utamkuta Mama mbele ya karai lake na mimi nimesimama kando yake, na itakubidi utubebe mmoja mmoja mbele ya wateja. Mama anasema atajifanya mzito.

Pamoja na barua hii utapata vipande viwili. Mama ndiye aliyevichagua tena, safari hii kwa vidole. Tumekubaliana hatimaye kuhusu alama: cha machungwa kinabaki laini juu, na cha samaki anakibonyeza kwa dole gumba kikiwa bado kibichi, shimo linabaki. Cha laini ni chako; kiogee bila woga, hata siku ya kikao. Chenye alama ya dole gumba la Mama usikitupe. Kitumie kusugulia sakafu ya kile chumba cha uani mlichokipaka rangi, kisha chumba hicho ukitafutie mpangaji.

Mpe Wifi salamu zangu nyingi na mwambie asimwage mafuta yake ya kukaangia; ukija kututembelea, njoo nayo kwenye kopo. Wabusu wale wawili, waambie bibi yao anawasubiri na kwamba akiwauliza kama wamenawa, wasimdanganye, atawasoma usoni.

Mdogo wako akupendaye,
Swali